Kuta Zinakula Nafasi

Hotuba ya Papa Gauthier Mulumbu, Mkurugenzi Mkuu wa Ugawaji wa Nafasi katika chuo kikuu chetu cha hapa Likasi, siku ya kuzindua Auditoire Kubwa, yaani ukumbi mkubwa wa masomo. Imeandikwa neno kwa neno na mimi, Yunus, karani wa vikao. Yaliyo ndani ya mabano ni ya umati. Mkurugenzi alitia sahihi bila kuyasoma, kama kawaida yake.

Mheshimiwa Mjumbe wa Mkuu wa Jimbo, pamoja na kiti ulichokalia; Mheshimiwa Meya, ambaye hakuweza kufika lakini ametutumia dereva wake, na dereva huyo namwona pale mbele anakula biskuti kwa niaba yake; Wapendwa Maprofesa Ordinaires, wale wa cheo kamili, na wale wasio ordinaires; Wakuu wa Idara zilizopo na wa zile zinazotarajiwa; Papa Nasoro, mwenye duka kubwa la vifaa vya ujenzi na mwakilishi wa wazazi; Wachungaji, Mashehe, Machifu, Wake wa Machifu; nanyi wanafunzi, ambao mmekaa juani kwa sababu hema limewatosha wakubwa tu; itifaki yote imezingatiwa, na ile ambayo haijazingatiwa naomba ijizingatie yenyewe.

Nasimama mbele yenu nikiwa na moyo uliojaa, faili lililojaa, na tumbo ambalo, kwa ajili yenu, sijalijaza tangu saa mbili asubuhi. (Sauti: «Na sisi?») Yunus, andika makofi. (Makofi. Yameandikwa kwa amri.)

Mabibi na mabwana, historia ya nafasi katika chuo hiki ina vipindi viwili: kabla yangu na baada ya mimi kuteuliwa. Kabla yangu palikuwa na vyumba tisa, na katika vyumba tisa hivyo wanafunzi waliingia ovyo ovyo, wakakaa ovyo ovyo, wakasoma ovyo ovyo, bila plani, bila koordinasyo, bila mtu hata mmoja kujua kisayansi kwa nini amekaa pale alipokaa. Huo ulikuwa msitu! Mimi nikasema hapana. Nafasi lazima itawaliwe. Nikaunda tume, Kamisyo ya Ugawaji wa Nafasi. Nimesema nikaunda Kamisyo. (Makofi ya dereva wa Meya.)

Sasa, kamisyo haiwezi kukaa nje kama kuku. Ikapewa chumba cha kwanza. Maombi ya vyumba yakaanza kumiminika, ishara kwamba watu wana imani nasi, na maombi yale yalihitaji kutunzwa, kwa hiyo chumba cha pili kikawa hifadhi ya maombi. Wale tuliowanyima vyumba wakaleta malalamiko. Demokrasia hiyo! Tukaunda kamisyo ndogo ya malalamiko, chumba cha tatu. Wanaolalamika hawawezi kusimama tu kwenye korido wanazuia njia, hivyo cha nne kikawa chumba cha kungojea. Cha tano ni cha picha za wakuu wa chuo waliopita. Cha sita ni cha funguo zote za chuo, na hicho kimefungwa kwa usalama, na ufunguo wake umo humo ndani, mahali ambapo mwizi hawezi kuufikia. (Kicheko.) Mnacheka nini? Je, umeibiwa? Haujaibiwa! Cha saba na cha nane ni ofisi yangu, kwa sababu nina kazi nyingi. (Kicheko kirefu. Mkurugenzi amekunywa maji.)

Mnabaki na cha tisa, najua, kila siku mnaniimbia cha tisa. Nitasema wazi, mimi sifichi kitu. Chumba cha tisa kilikuwa cha mkurugenzi aliyenitangulia. Alihamia Lubumbashi ghafla kabla ya remise-reprise, na nyote mnajua mila ya ofisi zetu: bila hafla ya kukabidhiana, mbele ya mashahidi, na orodha, na sahihi, na picha, na soda, hakuna mtu anayeweza kugusa hata fagio lililoachwa na mwenzake. Tumemwandikia barua kumi na moja aje atukabidhi. Hajajibu. Kwa hiyo chumba kiko pale, meza ziko pale, na nasikia hata chai yake iko pale kikombeni tangu mwaka ule alipohama. Sheria ni sheria. (Sauti ya mama: «Ile chai inaisha kuota majani!»)

Matokeo ya utawala huu bora ni nini? Takwimu zinasema zenyewe. Asilimia mia moja na kumi na saba ya vyumba vyetu vinatumika. Haijawahi kutokea! Na wanafunzi wetu, badala ya kubanwa kati ya kuta, wameenea mjini kote. Wa Sheria wanasoma katika kanisa la jirani zetu Wapentekoste, saa zilezile za maombi, na nawahakikishia kwamba mawakili wetu watakuwa na sauti. Wa Uchumi wanasoma kwenye baraza za nyumba za kampuni kule Shituru, hadi wenye nyumba wanapoanika nguo. Kila mmoja anatembea na kiti chake cha plastiki kichwani, akienda, akirudi, na hiyo ni michezo, ni afya, tena haituhitaji uwanja. (Sauti za wanafunzi: «Shingo inauma, Papa!»)

Sasa nije kwenye jambo ambalo maadui wa maendeleo wamelitia chumvi. Yule binti mwenye nguo nyeupe, ambaye amenyoosha mkono tangu nianze, shusha, mama, damu itakimbia mkono. Huyo anaitwa Sephora. Ni mwanafunzi wa mwaka wa mwisho. Ameandika kazi yake ya mwisho juu ya namna ya kukausha samaki wa ziwa Tshangalele kwa jua badala ya kumaliza miti, jambo zuri, sina ugomvi na samaki. Alipaswa kuitetea mbele ya majaji mwezi wa pili. Hakukuwa na chumba. Mwezi wa nne, hakukuwa na chumba. Leo saa kumi na moja jioni muhula unafungwa, na asiyetetea anarudia mwaka mzima. Pia nimeambiwa, na kila mtu ananiambia hadi masikio yanawasha, kwamba maabara moja kule Kambove imemwekea kazi mpaka Jumatatu, na bila hati ya kumaliza masomo watampa mwingine. (Mama Mwadi, mzazi wa Sephora, amesimama: «Papa Directeur, mutoto wangu alingia hapa akiwa kijana. Munataka atoke na mvi? Minye nauza bukari ku gare ya treni miaka sita juu ya ile karatasi!»)

Keti, Mama Mwadi, keti. Nakuheshimu, bukari yako, ugali mtamu, nimeila, sitasema vibaya. Lakini mimi sitawali kwa machozi, ninatawala kwa kanuni. Kanuni ya saba, niliyoitunga kwa mkono huu, inasema hakuna kutetea kazi ya mwisho mahali ambapo hapajaandikwa katika Daftari la Nafasi, kwa sahihi yangu na muhuri wangu. Profesa Orpha, mkuu wa majaji, yule pale amekunja mikono kama anayengoja deni, aliniomba atumie baraza. Nikamwambia baraza si chumba. Papa Nasoro akajitolea ghala lake la duka, na akafagia mwenyewe, Mungu amlipe. Nikasema ghala halimo daftarini. Wakaniita roho ngumu. Waulizeni: nani aliwanyima? Mimi? Ni daftari! (Miguno. Mtu amesema neno ambalo mama yangu alinikataza kuandika.)

Lakini baba mwenye nyumba hawezi kuwaacha watoto wake hivi hivi. Ndiyo maana nikalala na wazo, nikaamka na projeti. Nikafanya safari za kujifunza. Nimeona auditoire za Kinshasa, nimeona za Lusaka, nimeona picha za nyingine katika kalenda. Na leo, mbele ya Mheshimiwa Mjumbe, ambaye atapeleka habari hizi jimboni zikiwa bado za moto, nina furaha ya kuwatangazia kwamba Auditoire Kubwa ya watu mia sita imekamilika, kwa asilimia mia, kabla ya wakati. (Vichwa vyote vimegeuka. Kushoto ukuta wa shule ya jirani. Kulia mihogo. Nyuma yetu barabara.)

(Papa Nasoro, kwa sauti ya mtu aliyezoea kupiga kelele dukani: «Papa Directeur, samahani sana, lakini ata mufuko moya ya simenti haukutoka kwangu. Ni nani alijenga? Ilijengwa na nini?»)

Swali la mfanyabiashara! Asante, Papa Nasoro, ndiyo elimu niliyokuja kuwapa. Mmezoea kufikiri kwamba jengo ni matofali. Huo ni ushamba, mnisamehe. Mimi ni mtaalamu wa nafasi, nimekaa na nafasi, nimeipima. Chukueni chumba chochote, kipimeni. Kila ukuta una unene. Kuta nne, zidisha, jumlisha: kuta zinakula nafasi! Paa linakula hewa. Nguzo zinakula macho ya mwanafunzi wa nyuma. Tukijenga auditoire ya mia sita kwa matofali, tutabaki na mia nne na kumi. Nani atawaambia wale mia na tisini warudi nyumbani? Mimi siwezi, nina moyo. Kwa hiyo nikaamua kuwapa nafasi tupu, safi, ambayo haijapunguzwa na kitu. (Sauti: «Iko wapi?») Mmekaa ndani yake! (Sauti ya mzee: «Yesu na Maria.»)

Ndiyo, ndugu zangu, mmo ndani ya Auditoire Kubwa tangu saa tatu asubuhi na hakuna hata mmoja aliyelalamika kuhusu ujenzi! Sasa nakata utepe. (Amekata. Ulikuwa umefungwa kati ya bomba la maji na baiskeli ya mtu.) Na kwa kuwa mimi si mtu wa maneno matupu, Yunus, lete daftari. Naandika: chumba namba kumi, Auditoire Kubwa, watu mia sita, inafanya kazi kuanzia saa hii. Sahihi. Muhuri. Mheshimiwa Mjumbe, tafadhali weka sahihi hapa kama shahidi. Asante. Pigeni picha! (Makofi machache. Picha nyingi.)

(Profesa Orpha amesimama. Mazungumzo yafuatayo nimeyaandika kama yalivyokuwa.)

(«Papa Directeur, kwa heshima yote. Umeandika mu daftari?») Nimeandika, mama, umeniona. («Na muhuri?») Mbichi bado, usiguse. («Kwa hiyo hapa ni chumba cha chuo, kwa kanuni ya saba?») Ni chumba cha kimataifa! Anayekataa aseme sasa, mbele ya Mheshimiwa Mjumbe! («Minye sikatae. Minye nakubali sana. Sephora, mwanangu, leta karatasi yako, simama hapa mbele. Barnabé, Princesse, majaji wenzangu, sogezeni viti. Saa kumi inapita dakika tano.»)

Subiri, subiri kidogo, Profesa. Wewe unafanya nini? Hii ni hafla. Hatujafika kwenye soda. Kutetea si leo, kutetea kunataka meza, kunataka... (Papa Nasoro: «Papa, chumba si kimekamilika? Ao hakikukamilika?» Mheshimiwa Mjumbe ameacha kutafuna na amemtazama Mkurugenzi.)

Kimekamilika! Nani amesema hakikukamilika? Mimi sijasema. Kimekamilika kwa asilimia mia. Basi... basi, kwa uwezo niliopewa, na kwa kuwa mimi ni rafiki wa vijana, naruhusu. Naruhusu, Yunus, andika kwamba nimeruhusu mwenyewe, kwa hiari, nikitabasamu. (Ameruhusu.) Lakini nimalizie shukrani zangu kwanza, zimebaki kurasa tisa tu.

Namshukuru Mungu, namshukuru Mheshimiwa Mkuu wa Jimbo, nawashukuru wafadhili ambao hawakutaka kutajwa wala hawakutaka kufadhili, nawashukuru mafundi, waashi, maseremala na wapaka rangi, ambao kazi yao imekuwa nyepesi kwa njia ya pekee, nalishukuru jua, nazishukuru nyasi zilizofyekwa jana na mlinzi, peke yake, kwa panga la kuazima, maana bila yeye auditoire hii ingekuwa bado na nyoka. Semeni nami: Nafasi, oyé! (Oyé moja, ya dereva wa Meya.) Kamisyo, oyé! (Hakuna.) Kuta...

(Profesa Orpha: «Papa Directeur, samahani. Kanuni ya kumi na mbili, ile uliitunga weye mwenyewe: kutetea kukianza, mu chumba anasema mutetezi na majaji tu. Mwenye hajamaliza kusema anatoka inje.»)

Ah. Kweli. Kanuni yangu hiyo, na ni kanuni nzuri. (Sephora amefungua karatasi zake. Mama yake amefumba macho.) Sawa, mama, sawa, natoka. Mtu asiseme Gauthier alivunja kanuni zake mwenyewe mbele ya jimbo. Natoka, nashukuru, asanteni kwa kunisikiliza. (Amekusanya kurasa zake. Amekwenda hatua nne upande wa mihogo, akasimama. Amerudi, akaenda upande wa barabara, akasimama tena. Amerudi kwa Profesa Orpha, akamwinamia na kunong'ona, lakini mikrofoni ilikuwa bado mkononi mwake, tukasikia sote.)

Lakini mama... nitokee wapi?

(Sephora alikuwa amekwisha kuanza.)