Mtu Mmoja wa Kipimo Darajani

Jumapili, 28 Septemba

Daraja lenye paa: daraja la mbao lililojengewa kuta na paa ili mihimili yake isioze. Wengi husahau sehemu ya mwisho ya fasili hii. Paa halikuwekwa kwa ajili ya mpita njia. Linalokingwa ni daraja. Mpita njia hukingika kwa sadfa tu.

Liko moja huko Västergötland, mwendo wa nusu siku kwa gari kutoka hapa Sundbyberg, nchini kwa Waswidi, na miti ya kandokando yake hugeuka manjano na nyekundu kufikia katikati ya Oktoba. Mwaka jana nililipiga picha. Picha safi! Nikamwonyesha mwenzangu wa maktabani Flemingsberg. Akauliza kama hicho ni kibanda cha kuku. Kosa halikuwa lake. Picha haikuwa na kipimo cha ukubwa. Palihitajika mtu.

Mmoja tu, asimame katikati ya daraja. Masharti yake nimeyatangaza leo kwenye kahawa baada ya ibada: awe na koti la buluu iliyokoza, kwa kuwa buluu husimama vyema mbele ya manjano, awe mtulivu, aweze kuamka alfajiri bila kunung'unika.

Fébronie, muuguzi, sauti ya pili katika kwaya, ana koti la buluu iliyokoza. Ni mtulivu. Zamu zake huanza alfajiri. Sadfa tupu. Masharti niliyatunga kabla ya kumfikiria, au karibu kabla. Ni mjane, nami ni mjane. Sote wawili hupika chakula cha mtu mmoja. Hilo halihusiani na upigaji picha.

Jumanne, 30 Septemba

Amejitokeza mwombaji. Zakayo! Mtanzania wa Märsta, mpakia mizigo uwanja wa ndege, mtu asiyeweza kunywa chai bila kuihutubia. Akapiga simu. Akasema, Profesa, koti langu la kazini ni buluu, alfajiri ndiyo mchana wangu, na kuhusu utulivu, nipe sambusa mdomoni uone.

Nikapitia masharti. Anatimiza yote. Hii ndiyo hatari ya masharti yaliyotungwa vizuri: hayamjui aliyekusudiwa.

Nimeongeza sharti la nne. Asiwe na masharubu. Masharubu huvunja mstari wa uso. Kabla chai yangu haijapoa, Zakayo akatuma picha yake.

Amenyoa!

Jumapili, 5 Oktoba

Hatua ya dharura. Baada ya ibada nikamwendea Fébronie mwenyewe. Nikamweleza daraja, majani, pembe ya jua, nadharia ya kipimo. Alisikiliza hadi mwisho. Kisha akauliza: na huko, Mwalimu, tunamtembelea nani?

Nikasema hatumtembelei mtu. Tunalitembelea daraja.

Yewe! Akashika kifua. Tusafiri nusu siku nzima, tufike mahali pasipo hata mtu wa kutuambia karibuni? Nikasema hiyo ndiyo hoja yenyewe. Akasema hiyo si hoja, ni adhabu.

Zakayo alikuwa nyuma yetu. Bila shaka alikuwa. (Bila masharubu, uso wake unafanana na mtu aliyesahau kitu kwenye treni.) Akasema anamjua kijana wa Burundi, Armel, anayekamua ng'ombe karibu na mto huohuo, na hajapata mgeni tangu Pasaka. Fébronie akang'aa. Tangu Pasaka! Basi twende kwa Armel, maskini! Hapohapo akaanza kugawa kazi: wewe wali, wewe maharage, isombe niachieni mimi, majani ya mihogo ninayo kwenye friza. Zakayo ataleta gari lake kubwa.

Safari yangu ya kitaalamu imegeuka msafara wa sufuria.

Alhamisi, 9 Oktoba

Nimejitoa. Nimemwandikia Zakayo kwamba gari zima la watu si kipimo, ni msongamano. Alituma alama ya kidole gumba tu.

Hata hivyo, muungwana anajua maana ya kujitoa. Kwetu Burundi, akubaliye anapoombwa mara ya kwanza ni mlafi. Ya kwanza hukataa. Ya pili huguna na kuchukua koti. Fébronie hahitaji kufundishwa haya. Jumamosi watapitia hapa kunibembeleza.

Nimechaji betri. Nimepiga pasi suruali. Stendi ya kamera iko mlangoni.

Jumamosi, 11 Oktoba

Jua! Upepo hakuna. Kengele ya mlango wa chini ikalia nikiwa nimekwisha kufunga kamba za viatu.

Aliyetumwa alikuwa Tiana, binti wa Zakayo, mwanafunzi, mzaliwa wa hapa. Akauliza kwenye spika ya mlango kama nimebadili nia. Kiti kipo, kando ya shangazi Fébronie. Nikakataa. Nilikataa kwa sauti iliyolegea mwishoni, ili mwenye masikio aelewe.

Tiana akajibu kwa Kiswidi, kwa heshima zote, kwamba anauheshimu uamuzi wangu.

Anauheshimu!

Nikasikia mlango wa gari ukifungwa. Nikangoja mkono ukiwa kitasani. Hakuna aliyerudi. Mchana nilikunywa supu nikiwa na koti. Baadaye niliipiga picha stendi ya kamera kwa kamera ya simu. Nayo haina kipimo.

Jumapili, 12 Oktoba

Ibadani sikwenda. Mafua, nimetangaza.

Fébronie ametuma picha ya jana. Makosa ni mengi. Daraja limeinama. Kidole cha Zakayo kimemeza robo ya majani. Armel yuko katikati, amekumbatia sufuria, anacheka hadi macho hayaonekani. Fébronie yuko kulia, koti la buluu mbele ya manjano, sahihi kabisa, kama nilivyokadiria. Kando yake pamebaki pengo la upana wa mtu mmoja. Kasoro kubwa ya mpangilio. Nikamjulisha.

Akapiga simu. Akasema, kasoro gani, Mwalimu? Hapo ni pako. Nimemfukuza Zakayo hapo mara tatu. Kisha akaeleza kwamba njiani alimkaripia Tiana: mzee wa kwetu huombwa mara mbili! Tiana naye akauliza, sasa ile hapana ya kwanza huwa inakwenda wapi? Gari zima likacheka.

Kisha, bila kubadili sauti, akasema nije kwake Jumamosi nile isombe. Watu wawili tu. Kamera nikitaka nije nayo.

Moyo wangu ulifanya jambo ambalo sioni haja ya kulieleza hapa.

Nikakataa. Mara moja, kwa adabu, kama ipasavyo.

Akasema haya, Mwalimu, jioni njema.

Simu iko mezani, sauti nimeiongeza hadi mwisho. Linalobaki ni tatizo la kimantiki tu: mwaliko wa leo ulikuwa wa kwanza, au ulikuwa ule wa pili niliousubiri jana mlangoni?