Mama Mkwe Kanishinda Shabaha

Kwa Shemeji Mkubwa, mheshimiwa,

KUHUSU: OMBI LA KUJA KUMCHUKUA MAMA YAKO MZAZI KABLA YA MASHINDANO

Natumaini barua hii inakukuta mzima, na gari lako zima pia, maana hilo ndilo ninalolihitaji zaidi.

Kwanza nikukumbushe tulipoachia, kwa sababu mara ya mwisho ulikuwa na haraka na hukuzima hata injini. Ulimshusha Mama na sanduku moja, ukasema ni wiki mbili tu, apumzike baada ya msiba wa Mzee, ukageuza gari. Sasa ni mwezi wa nane tangu siku hiyo. Sikulalamika. Mama ni mama, na chumba cha nyuma kilikuwa hakina mkazi zaidi ya baiskeli yangu. Leo nalalamika, na chanzo ni bunduki.

Usishtuke. Ni bunduki ya upepo niliyoinunua miezi mitatu iliyopita, ile ya bei ya mtu wa mshahara, isiyotaka mtungi wa hewa wala pampu. Unaukunja mtutu mpaka springi ya ndani ijikaze, unatia kijirisasi kidogo kuliko punje ya mahindi, unaurudisha mtutu, unafyatua. Kibali ninacho, nimekitia kwenye fremu ukutani. Uani nimepanga magunia ya mchanga kwenye ukuta, mbele yake ubao, juu ya ubao vifuniko kumi na viwili vya chupa. Mtu wa miaka hamsini na mbili, aliyefungua nati za malori maisha yake yote, anastahili kitu kimoja cha kumfurahisha siku ya mapumziko. Kitu hicho nimenyang'anywa, na malalamiko yangu ni haya:

1. Mama yako alilenga shabaha bila kusoma kitabu cha maelekezo. Mimi nilikisoma mara tatu, pamoja na kurasa za lugha nisizozijua. Kwa wiki tatu nilikuwa nalenga kopo la rangi la lita nne, na kopo likaendelea kuwa na afya njema. Siku zote hizo Mama alikuwa ndani, pazia limefungwa, kama alivyokuwa tangu ulipomshusha. Ukimuuliza hali anasema "nipo tu." Ukimpelekea chakula anakirudisha nusu. Jumamosi moja pazia likafunguka, nikasikia: "Mwanangu, unaikaba hiyo. Ilegeze." Nikamweleza kwa heshima kwamba bunduki hushikwa kwa nguvu. Akatoka na ndala zake, akanyoosha mikono yote miwili. Sasa niambie, mtu anamnyimaje mama mkwe wake kitu alichokinyooshea mikono miwili? Nikampa. Akailaza juu ya kiganja kilicho wazi, kama mtu aliyeombwa amshikie mwenzake mzigo kidogo, akafyatua. Kopo likaanguka chali.

2. Maelezo aliyoyatoa yananidhalilisha kitaaluma. Anasema springi ikifyatuka, bunduki inaruka nyuma na mbele kabla hata risasi haijatoka mdomoni mwa mtutu, kwa hiyo ukiibana itaruka upande wake na risasi itaufuata. Amekuwa mkunga miaka thelathini na minne, na kwa maoni yake kitu kinachokuja kwa kasi hakikabwi, kinapokelewa. Nakubali kwamba watoto aliowapokea wanajaza shule nzima. Lakini mimi ni fundi mkuu wa karakana. Tangu lini mkunga akamfundisha fundi kushika chuma?

3. Nimegeuzwa mpakiaji. Vidole vya Mama vinauma, hawezi kuukunja mtutu, na springi ile ina ukaidi. Kwa hiyo nakunja mimi, natia risasi mimi, namkabidhi kwa mikono miwili na kusema "karibu, Mama." Anafyatua. Nakunja tena. Jumamosi iliyopita nilikunja mara sitini, na bega hili nikilala halitaki upande wake. Zamu yangu inapokaribia anasema, "Hebu moja ya mwisho," na "ya mwisho" ya mama yako unaijua, umelelewa nayo. Maneno ya kumwambia mama mkwe "sasa ni zamu yangu, sogea" ulimi wangu haukuumbiwa.

4. Uani kwangu kumekuwa uwanja. Fundi cherehani wa nyumba ya pili anakuja na kiti chake. Mwalimu mstaafu wa hesabu anakuja na kiti chake na mto wa kukalia. Wote wanafundishwa na Mama, wote wanapewa zamu, mimi nawakunjia wote. Wameniita Bwana Kunja. Nililifanya siri jina hilo, lakini Jumatatu lilifika karakana kabla yangu.

5. Ameharibu kazi yangu. Zamani nilikuwa nakata bolti mbili tatu kwa siku kwa kukaza, na kila mtu aliheshimu nguvu hizo. Tangu Mama aanze na "ilegeze" yake, sijakata hata moja kwa wiki tano. Mtunza stoo, aliyezoea kuniona dirishani kwake kila siku nikiomba bolti mpya, ameniuliza kama naumwa. Nyumbani ndiyo balaa zaidi. Kitasa cha kabati hakijabaki mkononi mwangu tangu mwezi uliopita. Na mdogo wako amethubutu kusema, watoto wakisikia, kwamba siku hizi nikimshika mkono hauumi. Shemeji, tumeoana miaka ishirini na sita! Hakuna siku aliyowahi kusema kwamba uliuma! Nilikaa kitandani nikiuangalia mkono wangu kama mali ya mtu mwingine.

6. Anacheka. Mchana, kwa sauti, madirisha wazi. Anamaliza chakula na kuuliza kama kuna kilichobaki. Wewe ulituletea mama mtulivu.

7. Hili la saba linakuhusu wewe mwenyewe, na naomba ulisome ukiwa umekaa. Uliahidi kumpigia Mama simu kila Jumapili saa kumi jioni. Nimefuatilia jambo hili kwa daftari. Jumapili usizopiga, Mama anaangusha vifuniko kumi na kimoja kati ya kumi na viwili. Jumapili moja tu ulipiga, mwezi wa pili wa bunduki hii. Mliongea dakika nyingi, akarudi uani akicheka peke yake, akakosa vyote kumi na viwili, na hakujali hata kidogo. Alinikabidhi bunduki akaniambia, "Haya, piga wewe." Ndiyo zamu ndefu kuliko zote nilizowahi kupata.

Hitimisho la daftari langu liko wazi. Ukimya wako unamkaza macho na kumtuliza mkono. Kila usipopiga simu unamfundisha shabaha. Kwa maneno mengine, shemeji, unashiriki katika mashindano ambayo hukujiandikisha, na unashiriki dhidi yangu.

Maana mashindano yapo. Ni Jumamosi ya mwisho wa mwezi huu, uani kwangu, mshindi anachukua saa ya ukutani. Bunduki ni yangu, uani ni kwangu, saa nimeitoa mimi, na kwa hesabu za yule mwalimu mstaafu nitakuwa wa nne. Mdogo wako ananifariji kwamba Mama akishinda, saa itabaki humu humu ndani na nitaitazama bure. Mdogo wako haelewi mashindano.

Kwa hiyo, kwa unyenyekevu mkubwa, naomba mojawapo ya haya mawili. Ama uanze kumpigia Mama simu, na hasa siku ya mashindano asubuhi, ili furaha imtoe kwenye shabaha kama ilivyomtoa siku ile. Ama, ikiwa mambo yako bado hayaruhusu simu, uje na gari kabla ya Jumamosi hiyo umchukue akakae kwako. Nyumba yako ina vyumba vingi na ukuta mrefu. Magunia ya mchanga nitakupa. Bunduki sitakupa.

Naamini utalipokea ombi hili bila kinyongo, kwa kuwa silalamiki kuhusu malezi, chakula, wala muda. Nalalamika kuhusu shabaha tu.

Msalimie shemeji wa kike na umwambie mtandio alioutuma ulifika. Wasalimie watoto wote, mkubwa kwa mdogo. Fundi cherehani anakusalimu ingawa hamjuani, na mwalimu mstaafu anauliza kama nawe unalenga. Mdogo wako atakuandikia yake, na amesema usitegemee iwe na adabu kama hii.

Ni mimi shemeji yako mtiifu,
Fundi Mkuu (na si Bwana Kunja)

Nyongeza: Nilikuwa nimeshaifunga bahasha, nimeifungua tena. Kipengele cha saba si cha kweli. Nilichoandika kuhusu Jumapili uliyopiga simu ni kweli, lakini zile nyingine nimezitunga.

Siku za kawaida Mama anapiga vizuri kuliko sisi wote. Jumapili hapigi kitu. Anaanza mapema, anaweka simu kwenye kiti cha pembeni, na kuanzia saa kumi anaitazama simu kuliko vifuniko. Risasi zinaishia mchangani. Mimi ndiye ninayekwenda kwenye ubao kuhesabu, nampa mgongo, naviangusha vifuniko kwa kiwiko, nageuka na kutangaza, "Kumi na kimoja, Mama!" Nabakisha kimoja ili ionekane kweli. Nimefanya hivyo Jumapili nyingi na nilidhani najua kudanganya.

Jumapili hii iliyopita ilipofika saa kumi na moja na nusu aliiweka simu mfukoni, akaniambia taratibu, ili majirani wasisikie: "Mwanangu, leo nimefyatua mara tisa tu. Hivyo kumi na kimoja vimeangushwa na nani?" Kumbe katika haraka yangu nilisahau kuhesabu risasi. Nikamwambia labda ni upepo. Akanishika bega lile linaloniuma, akasema, "Basi uambie huo upepo ahsante." Kisha akaingia ndani na kufunga pazia, na hapo ndipo nilipokaa kuandika barua hii kwa hasira, nikadhani hasira yenyewe ni ya shabaha.

Usije kumchukua. Hapa ni kwake, na hata ukija na gari mimi ndiye nitakayesimama getini. Piga simu tu, shemeji. Jumapili, saa kumi, na ukae kwenye laini mpaka atakapochoka yeye.