Kimbunga Kilichokuta Nyumba Tupu

Maskati, Novemba 1966

Kwa Mheshimiwa Katibu wa Liwali,

Assalaam alaykum. Mimi ni msichana niliyesomeshwa Unguja kwa lugha mbili, na katika zote mbili nna aibu ya kusema mbele za watu. Ndiyo maana naandika. Nawashitaki watumishi wako wawili, Bwana Sleyum, mpima hali ya hewa, na Bwana Bakhit, msimamizi wa uokoaji, kwa kuniharibia posa yangu Alhamisi iliyopita; posa ambayo Mama anasema ndiyo itakayonitoa kwenye vitabu.

1. Wawili hawa wanaelewana. Sleyum alipoona kipimo kinashuka alimwambia Bakhit saa ile ile, na Bakhit akasadiki saa ile ile. Hii ni ofisi gani? Tumezoea ofisi ambazo ajuaye hasemi, na mwenye amri hasikii mpaka mwakani.

2. Bakhit akazuia mashua zote. Waposaji wangu walikuwa watoke Yiti, na Yaarub, mchumba mwenyewe, kishavaa joho. Wakarudishwa. Mama alipolalamika, Bakhit alimjibu, "Bibi, posa itangoja. Bahari haingoji."

3. Kwa kuwa nyumba yetu ni ya mawe na ina ghorofa, akatujazia watu wote wa pwani. Wakala biriani ya posa na halwa yake, na kuku wao wakalala juu ya mazulia ya wageni.

4. Kimbunga kilipofika kilivunja milango ya nyumba za ufukweni, kikakuta hamna hata mtu wa kukikaribisha. Mgeni wa mbali vile, jamani. Hakufa hata mtu mmoja. Basi hata matanga hatukupata, na biriani imekwisha.

5. Hapa mjini lango likishafungwa usiku, hata tabibu hapiti bila ya taa na ruhusa. Kimbunga kiliingia bila ya taa. Naomba basi Sleyum afungie habari zake kwenye mtoto wa meza mpaka kimbunga kipate ruhusa, na Bakhit asimwokoe mtu kabla hajazama, ili pasiwe na shaka.

Nisalimie makarani wote, na walinzi wa lango, na hata hao wawili. Ugomvi wetu ni wa karatasi tu.

Mdai haki yake,
Muhsina binti Mahfoudh

Nimesahau: waposaji wanarudi Alhamisi hii. Nami kaka yangu kanipatia nafasi ya skuli Kuwait, na meli inaondoka Jumamosi. Tafadhali muulize Bwana Sleyum, kwa siri, kama hana kimbunga kingine. Kidogo tu, cha siku moja, kiishie Yiti. Watu wa pwani nitawapikia mwenyewe.