Kiti cha Kasimu na Ekografi ya Moyo Wangu

Jumatatu, 5 Agosti. Kufyeka tena shamba la mpunga. Mgongo umekufa. Shemeji Kasimu, kaka wa mke wangu Sifa, kakaa kivulini kwenye kiti cha mianzi, kapewa bugali na samaki kabla yetu. Sababu? Karatasi ya hospitali ya Kasongo: moyo umechoka, asifanye kazi nzito. Na mimi nataka karatasi.

Jumanne, 6 Agosti. Nimemwambia Sifa moyo wangu unaruka. Kasema unaruka kila nikiona panga. Nikamchimba Kasimu kwa ujanja kuhusu ekografi, ile mashine ya kupima moyo. Kasema hakuna sindano: unavua shati, unalala ubavu wa kushoto, wanakupaka mafuta kifuani, wanapitisha kamashine kadogo, moyo unaonekana kwenye ekra, kioo kama cha televisheni. Mashine hakuiogopa, kasema, aliogopa ilichoona. Maneno ya mwenye kiti! Mafuta ya watu siyaamini. Nitabeba yangu.

Jumatano, 7 Agosti. Kasongo, kwa pikipiki. Nimekunywa kahawa vikombe vitatu, nikazunguka hospitali mbio mara mbili ili moyo uharibike. Nikajipaka mawese, shingo hadi kitovu. Muuguzi Arlette aliponiona akauliza kama nimekuja kupikwa. Akasema yao ni mafuta meupe mazito, yanasaidia mashine kuona. Akanifuta robo saa nzima, moyo ukatulia. Hasara gani hii.

Munganga Elsa, daktari wa mashine, akanilaza ubavu. Mafuta yao baridi kama maji ya mto. Akakandamiza katikati ya mbavu, si maumivu. Vuta pumzi, toa, zuia. Nikalia kidogo kwa faida ya karatasi. Akaniomba ninyamaze, anasikiliza damu. Nusu saa. Kwenye ekra nikauona moyo wangu: vimilango vinafunguka, vinafunga. Nikauhurumia. Miaka arobaini na saba bila siku ya kupumzika. Huyo ndiye wa kupewa kiti.

Alhamisi, 8 Agosti. Karatasi imesema moyo ni mzima, kahawa nipunguze, kazi ya shamba inanifaa. Sifa kaisoma kwa sauti mbele ya ukoo mzima. Wakanipa na sehemu ya Kasimu ya kufyeka, maana mwenye moyo wa kuaminika iko mimi peke yangu.

Ijumaa, 9 Agosti. Kasimu kaona aibu, kachukua panga anisaidie. Mapigo matano tu, akapiga magoti, midomo imebadilika rangi. Nilimbeba hadi kitini. Yule mtu mkubwa ni mwepesi siku hizi. Alipopata pumzi akauliza moyo wangu ulionekanaje kwenye ekra. Nikasema vimilango vinafunguka, vinafunga. Akasema vyake vinafunguka vizuri, kufunga ndiko vinasahau. Kisha akaniomba nisiache sehemu yake, watoto wasikose mchele. Nikakubali. Niliogopa sana. Nimelia nyuma ya kichuguu. Sifa kaniona.

Jumamosi, 10 Agosti. Sehemu zote mbili zimekwisha, yake kwanza. Kasimu kaniita nile naye samaki. Nikakaa chini, kiti nikamwachia. Nimeona aibu ya wiki nzima. Sitahangaika tena na karatasi.

Lakini mgongo unauma kweli, hapa upande wa figo. Na Arlette aliniambia mashine ileile inaangalia na figo. Jumatatu naenda. Mawese sipaki tena, nimeshajifunza. Nitapaka ya karanga.