Benchi la Mninga na Nta ya Wifi Tufaha

Jumatatu, 4 Agosti
Nimenunua benchi la mninga mnadani. Kuukuu, lakini mbao hasa! Wazee walijua kuchonga. Tatizo mgongo umechubuka pale watu walipoegemea, na kwenye kikalio kuna miduara ya vikombe vya chai. Jumapili wanakuja kumposa mjukuu wangu Haifa. Mama wa mposaji, nasikia, huikagua nyumba kabla hajamkagua binti. Haifa anasema tuazime viti vya plastiki. Plastiki! Nimemwambia afunge mdomo, kisha nikambusu.

Jumanne, 5 Agosti
Nimekwenda kwa wifi yangu Tufaha, eti kuomba chumvi. Kabati lake, kuukuu kuliko mimi, linang'aa mpaka nikajihesabia meno yaliyobaki. Mwanamke ana mkono yule! Nikamuuliza kapaka nini. Akasema kapaka subira, dukani haiuzwi. Mchawi. Lakini pua yangu haijastaafu: nta ya nyuki.

Alhamisi, 7 Agosti
Anselm, mrina asali, kaniletea masega. Kasema niyachemshe na maji, nichuje, niache nta igande juu, asali ibaki chini na maji. Kisha niyeyushe nta hiyo na mafuta ya alizeti, nipige msasa, nipake kidogo, nisugue sana. Maneno mengi! Shule sikwenda, na kuchemsha hakutaki shule. Nimekoroga vyote pamoja, nikapaka vya moto. Kidogo ya nini, kwani mimi mchoyo? Lo, linavyometa! Linanata, ila litakauka.

Jumapili, 10 Agosti
Wageni wamefika. Baba wa mposaji, Mzee Muadh, kanzu nyeupe pee. Nikamkalisha benchini, mahali pa heshima. Akasifu mninga. Akasifu mng'ao. Nyuki nao wakaja kusifu! Watu mbio uani. Mzee akataka kuinuka, kanzu ikakataa. Mkewe akanitazama. Nikajisemea, Haifa mama, bibi yako kakufanya uozee nyumbani.

Ndipo Tufaha akaingia na chetezo. Ubani ukafuka, nyuki wakatawanyika. Akachukua maji ya moto na kitambaa, akaanza kumbandua mzee taratibu, akimwambia kwetu Tabora mgeni haachiwi kirahisi. Mzee akacheka mpaka machozi. Akasema maadam kashikwa, posa na imalizwe hapo hapo. Ikamalizwa! Haifa wangu kaposwa! Nikamkumbatia wifi mbele za watu. Akalia nimwachie, nami nanata. Mungu amweke mwanamke yule, sijaona mfano wake.

Jumatatu, 11 Agosti
Tufaha kaniletea kopo la nta safi, anataka anifundishe kuanzia mwanzo. Roho nzuri iliyoje! Nimemshukuru, nikampa chai, kopo nikalisukuma uvunguni. Anifundishe nini mtu niliyemshika mkwe mzima mpaka akakubali? Nimemwagiza Anselm ndoo nzima ya masega. Mnadani nimeona kitanda cha mninga, zawadi yangu kwa maharusi, nitakipaka mwenyewe mpaka miguuni. Tuone sasa nani atamwacha mwenzake!