Maoni Yanayokubalika Kuhusu Shetani wa Mahakamani

Idara ya Uratibu wa Hofu iliwatangazia wananchi wote wa Unguja, mjini na shamba, kwamba kuanzia sasa hakuna mtu atakayeruhusiwa kuogopa filamu yoyote kabla Idara yenyewe haijaiogopa kwanza kwa niaba yake. Tangazo lilibandikwa sokoni, nje ya misikiti, na kwenye mlango wa ukumbi wa senema wa Bi Zeyana, Mji Mkongwe. Ukumbi huo ulikuwa umefungwa, kwa hiyo walioguswa na agizo hilo mle ndani walikuwa popo tu.

Aliyebandika ni Mudrik, Afisa Maoni wa Idara. Alikuwa mtu wa sauti ya chini, aliyejifundisha kazi kwa kusoma majalada ya wenzake, na hakuwa na haraka ya kumhukumu mtu. Alipomaliza alirudi nyuma kutazama kama karatasi imenyooka.

"Imenyooka, mwanangu," alisema Bi Zeyana, aliyekuwa amekaa barazani na ufunguo mkononi. "Na projekta yangu je?"

"Shikamoo, Bi Zeyana."

"Marahaba. Projekta."

Projekta ilichukuliwa na Idara kwa ajili ya uchunguzi wa kitaalamu. Ukumbi wa senema usio na projekta ni chumba chenye viti, na mtu mmoja wa hoteli alikuwa ameanza kupita kila asubuhi kumweleza Bi Zeyana jinsi chumba chenye viti kinavyoweza kuwa mkahawa mzuri wa wageni. Bi Zeyana alikuwa anaishiwa na majibu.

Mudrik akampa habari njema. Idara imepokea filamu ya kigeni ya kutisha, mambo ya shetani na mahakama. Itaonyeshwa hapa hapa, baada ya sala ya alasiri, mbele ya watazamaji walioteuliwa. Wakitoa maoni yanayokubalika, ukumbi utafunguliwa na projekta itabaki.

"Na yasipokubalika?"

"Itarudi kwenye uchunguzi."

"Sasa yepi yanayokubalika?"

Mudrik alitoa mfukoni waraka uliosainiwa na Mkurugenzi Mkadam mwenyewe, akausoma kwa adabu: "Mtazamaji atakuwa na maoni kwamba shetani si utetezi. Aliyetenda abebe mzigo wake."

"Basi kama maoni mshakuwa nayo, watazamaji wa nini?"

Mudrik alilifikiria suala hilo kwa makini.

"Wa kuyatoa," alisema.

Siku ilipofika ukumbi ulijaa. Walikuja wakulima wa mwani kutoka Chwaka, wakiongozwa na Bi Mwanapili, mwanamke mnene aliyewahi kukaa kwenye ngoma nyingi za pepo kuliko harusi. Walikuja wachuuzi na mafundi wa mjini, akiwemo Ayoub, fundi cherehani, aliyesikia kwamba kutakuwa na sambusa. Pandu, dereva wa Idara, alileta projekta ikiwa imefungwa kwa shuka la maua mekundu. Mkurugenzi Mkadam akakaa safu ya mbele, peke yake, akatetemesha bega moja kwa niaba ya wananchi, akatoa ishara kwamba inatosha. Filamu ikaanza.

Binti mmoja wa nchi za baridi ameshitakiwa kwa kuchoma moto kinu cha kusagia nafaka cha tajiri yake. Anasema si yeye, ni shetani aliyemo ndani yake. Mwendesha mashitaka anacheka. Shetani anahamaki, anaugeuza uso wa binti ukawa kisogoni, ananguruma, anapasua taa. Kila akinguruma, hakimu anagonga nyundo mezani na kusema "Kimya!" Mwisho binti anafungwa, shetani haijulikani kaenda wapi.

Ukumbini hakuna aliyepiga ukelele. Wanawake wa Chwaka walisonya.

"Sasa tutoe maoni," alisema Mudrik. "Kwa utaratibu."

Bi Mwanapili akasimama. "Mie nna suala moja tu. Mbona hakuna aliyemuuliza?"

"Kumuuliza nani, bibi?"

"Huyo shetani! Kaja mbele za watu, sauti imemkauka, anapiga makelele mchana kutwa. Hakuna hata mmoja aliyemuuliza jina lake nani, katoka wapi, anataka nini. Hakimu kazi yake kugonga meza tu! Kwetu pepo akipanda kichwani mwa mtu hufukiziwa ubani, akaulizwa shida yake. Akitaka halua, apewe halua. Akitaka marashi, anyunyiziwe. Kisha anaapishwa, anakwenda zake. Wale hata maji hawakumpa."

"Walau kahawa," alisema mwenzake.

"Na joho la yule wakili limekatwa vibaya begani," alisema Ayoub. "Huwezi kushinda kesi mkono haunyanyuki."

Mudrik aliyaandika yote. Mkurugenzi Mkadam alinyanyuka na kufunga kifungo cha koti.

"Ndugu wananchi, haya siyo maoni yanayokubalika. Tunajenga utamaduni wa uwajibikaji. Kila mtu akikosea amsingizie shetani, tutafika? Kwa hiyo, kwa masikitiko, projekta inarudi stoo ya Idara, uchunguzi uendelee."

Bi Zeyana aliukamata ufunguo kwa mikono miwili. "Stoo gani hiyo, Mkurugenzi?"

"Ya kitaalamu."

Hapo Pandu akaingia na simu mkononi. Pandu hakuwa na ubaya na mtu. Alikuwa mfikishaji wa ujumbe tu, na hupenda kuufikisha mzima.

"Bosi, mama kapiga simu kutoka nyumbani kwako Chukwani. Anasema projekta irudi mapema, watoto washakaa sebuleni, mpira unaanza saa moja. Na shuka lake lisisahauliwe."

Ukumbi mzima ulilitazama shuka la maua.

Mkurugenzi alilisogelea shuka, akasimama mbele yake. Kisha akasema lile analolisema mtu yeyote wa Unguja akibanwa, kabla hajafikiri.

"Jamani, shetani tu kanipitia."

Mudrik alinyanyua kalamu. "Samahani, Mheshimiwa. Hayo niyaandike kama maoni?"

"Maoni gani?"

"Maana waraka wako unasema..." Akausoma tena, polepole, kwa nia njema kabisa, asije bosi wake akavunja agizo lake mwenyewe bila kujua. "Shetani si utetezi. Aliyetenda abebe mzigo wake."

"Abebe!" alisema Ayoub, ambaye hakuiona sambusa hata moja.

"Ngojeni," alisema Bi Mwanapili. "Msimgongee meza mwenzenu. Sie si kama wale." Akavuta kiti, akakaa uso kwa uso na Mkurugenzi. "Kama ni shetani, tutamuuliza. Kama si shetani, waraka upo. Chagua mwenyewe, baba."

Mkurugenzi aliutazama waraka. Aliitazama saini yake chini ya waraka, kubwa, yenye mkia.

"Shetani," alisema kwa sauti ndogo.

Chetezo kilitoka nyumba ya jirani, ubani tayari unafuka. Mkurugenzi akakohoa.

"Nani wewe?" aliuliza Bi Mwanapili.

"Mkadam."

"Mkadam tunamjua. Nnakuuliza wewe uliyemo ndani."

"Sina... sina jina."

"Umetoka wapi?"

"Ofisini."

Wanawake wa Chwaka wakatikisa vichwa. "Wa ofisini hao ndio wabishi," mmoja alisema.

"Haya, unataka nini?"

"Nnataka kwenda nyumbani."

"Halua hutaki?"

"Sitaki."

"Projekta?"

Mkurugenzi aliuangalia mlango. Pandu alikuwa kasimama hapo, anasikiliza kwa makini, asije akaulizwa baadaye.

"Siitaki."

"Apa. Sauti kubwa, na wa nyuma wasikie."

Mkurugenzi Mkadam akaapa, kwa sauti iliyofika mpaka kwa popo, kwamba hatoirudia projekta ile, si mchana, si jioni, hata kuwe na Kombe la Dunia.

Bi Zeyana alilikunja shuka la maua, akampa Pandu, akatundika ufunguo kwenye msumari wake wa zamani mlangoni. Jioni ile mpira ulionyeshwa ukumbini. Watoto wa Mkurugenzi walikaa safu ya pili, wakashangilia kuliko wote.

Mudrik alibaki kwenye kona, akimalizia ripoti. Aliandika bila chuki wala kuongeza chumvi: "Filamu haikumtisha mwananchi yeyote. Idara imeogopa kwanza, kama ilivyotangaza."