Msemaji wa Matetemeko

Jumatatu, 4 Machi
Habari kubwa! Kituo chetu cha kupima matetemeko kinatafuta porte-parole, mtu wa kuwaeleza watu wa Bukavu sayansi ya ardhi yao. Directeur Honoré atachagua Jumamosi, katika salle ya paroasi, ukumbi wa kanisa letu hapa Ibanda. Atakayezungumza vizuri zaidi ndiye. Tuko wawili. Mimi, Cirhuza, assistant wa miaka mingi asiyepandishwa cheo, kwa sababu zisizoeleweka. Na Olive, aliyefika juzi tu. Olive anaeleza tetemeko kwa mikono, kama anauza samaki wa sambaza sokoni. Namhurumia.

Nimemwambia mke wangu Priscille aanze kuzoea kuitwa maman porte-parole. Ameniuliza kama nimeleta makala ya kupikia. Sikuleta.

Jumanne, 5 Machi
Hotuba imekamilika. Ina « lithosphère », « magnitude » na « épicentre » katika sentensi moja! Nimeisoma kwa sauti bafuni, machozi yakanilengalenga. Priscille amesema hakuelewa kitu. Nimemweleza kwamba hapo ndipo sayansi yenyewe inapoanzia.

Jumatano, 6 Machi
Mpango! Nimemshauri Olive, kwa upole wa mkubwa wake, ajaribu hotuba yake jioni hii mbele ya wanakwaya. Hesabu yangu: wanakwaya na jamaa zao ndio wanaojaza salle. Wakimsikia leo na kwenda kusimulia nyumbani, Jumamosi watapiga miayo. Alinishukuru sana, akaniita tonton, kama mjomba wake. Nilijisikia vibaya kidogo, halafu ikapita.

Priscille naye ni mwanakwaya. Amerudi nyumbani na kuingia chini ya meza. Anasema ndivyo Olive alivyowafundisha: ardhi ikitikisika, usikimbilie mlango wala ngazi, ingia chini ya meza au benchi, funika kichwa, ushikilie mpaka itulie. Basi? Hakuna hata neno moja gumu! Nimeshinda tayari.

Alhamisi, 7 Machi
Nimezunguka mji kuuliza wakubwa gani watakuja. Bourgmestre anayeongoza Ibanda, abbé padri wetu, machef wa quartier, yaani wa mitaa, viongozi wote wa mama wakatoliki. Kila mmoja lazima asalimiwe kwa cheo chake, kuanzia juu. Bila protokoli, nani atajua kwamba anayesema ni msomi? Olive ameniambia yeye ataanza na « jambo yenu » tu. Mbele ya bourgmestre! Adui akijizika mwenyewe, usimpokonye jembe.

Jumamosi, 9 Machi
Salle ilijaa mpaka madirishani. Wanakwaya wote walikuja na jamaa zao, na hakuna aliyepiga miayo. Kila mmoja wetu alipewa dakika kumi. Nikatangulia.

Nilimsalimu bourgmestre. Nilimsalimu abbé na, kupitia kwake, askofu ambaye hakuwepo. Niliwasalimu machef wa quartier mmoja mmoja, nikamruka mmoja, akakohoa, nikaanza upya. Directeur alininyooshea saa yake. Nilikuwa nimefika kwa makamu wa pili wa mama wakatoliki, nikivuta pumzi ya « lithosphère », ndipo ardhi ikatikisika.

Lilikuwa tetemeko dogo, la kawaida kwetu tu, lakini taa zilicheza na vumbi likashuka. Salle nzima ikapotea machoni pangu. Watu wote walikuwa chini ya mabenchi, vichwa vimefunikwa, hata bourgmestre, ambaye Priscille alimvuta kwa koti. Mwanasayansi mmoja tu hakuwemo. Mimi nilikuwa nimepita mlango, nimeruka ngazi na kutua mtaroni. Tofali la juu ya mlango lilianguka nyuma ya kisigino changu.

Nilirudi nikichechemea. Hakuna mwingine aliyeumia. Olive alisimama, akangoja watu wakae.

« Jambo yenu, » alisema. « Mumeona vile mulifanya? Iko muzuri. Mumeona vile tonton Cirhuza alifanya? Ile musifanye. »

Akaketi. Walipiga makofi muda mrefu. Directeur akamtangaza porte-parole palepale. Iliniuma, sitaficha, iliniuma kuliko goti. Nilikuwa bado sijasema neno hata moja la sayansi.

Jumatatu, 11 Machi
Goti limevimba. Lakini leo nimeamka mtu mkubwa! Kumbe mtu alinipiga picha nikitoka mlangoni, koti likipepea. Kituo kitaitia kwenye affiche, bango la kubandikwa katika shule na paroasi zote, kutoka Ibanda mpaka kisiwa cha Idjwi. Upande mmoja watu chini ya mabenchi, wameficha nyuso, hawajulikani. Upande mwingine mimi, mzima mzima, na juu yangu X kubwa nyekundu ili jicho lisinipite. Olive, porte-parole, yuko chini kabisa, jina tu, kwa herufi ndogo.

Directeur aliomba ruhusa yangu akitazama viatu vyake. Sikumwacha amalize. Nimekubali, tena nimejitolea: siku ya kuzindua affiche nitakimbia mwenyewe mbele ya wanafunzi, polepole kidogo, ili wote waweze kunifuata.